Riwaya Masikioni: Ngũgĩ na Msomaji wa Kilabuni

Katika insha zake za 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o anaeleza jinsi Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya aliyoiandika gerezani Kamiti juu ya karatasi za chooni na iliyochapishwa 1980, ilivyosomwa kwa sauti majumbani na vilabuni. Kilabuni wakazuka wasomaji wa kazi: penye utamu, glasi ikiwa tupu, msomaji huweka kitabu chini hadi msikilizaji amnunulie nyingine.

Kisa hiki hutajwa sana kuthibitisha nguvu ya lugha ya mama. Hapana shaka lugha ilifungua mlango. Lakini riwaya za Kiswahili nazo zimo katika lugha ya watu, na nyingi husomwa kimyakimya, kwa ajili ya mtihani. Ngũgĩ alisema pia juu ya umbo. Neno hilo tumeliacha. Msimulizi wake ni mpiga gĩcaandĩ, fanani anayesihiwa na mama yake Warĩĩnga asimulie. Kitabu kiliumbiwa hadhira tangu mwanzo. Na ile glasi (wahakiki huicheka tu) ni ujira wa fanani.

Leo simu yaweza kumsomea mtu riwaya nzima sikioni. Haiombi glasi, wala haikatizwi kwa swali.