Org-drill Ilivyoifunga Makala Mapema

Org-drill, chombo cha kadi za marudio ndani ya Emacs, ni kazi ya mtu anayeijua Org mode vilivyo: algoriti za marudio zaidi ya moja, kadi za kujaza nafasi zilizoachwa wazi, kadi za pande mbili, vyote ndani ya faili la maandishi matupu. Lakini ilipofika kwenye usomaji wa awamu ilikosea, tena kosa la wazi. Mwongozo wake unaitaja programu ya SuperMemo kwa jina, kisha unaueleza usomaji huo kuwa ni uwezo wa kutengeneza kadi upesi kutoka kwenye kipande cha makala unayoisoma. Unachagua maneno kwenye kivinjari, org-protocol inayapeleka Emacs, org-capture inayapokea, kadi inaingia kwenye faili. Na makala je? Unaifunga. Hakuna palipoandikwa ulipoishia, hakuna siku iliyopangwa ya kuirudia, hakuna kinachojua kwamba nusu ya aya bado hazijaguswa. Chombo kinachukulia kwamba ukishachuma kadi, kusoma kumekwisha, ilhali Piotr Woźniak, muundaji wa SuperMemo, aliujenga usomaji wa awamu juu ya dhana iliyo kinyume kabisa: makala ngumu haimalizwi kwa kikao kimoja.

Tukumbushane kilichokuwamo ndani ya SuperMemo 2000. Makala huingia kwenye foleni ikiwa mada, na mada si swali. Unasoma aya mbili tatu, unakata dondoo, unaacha alama ulipofika, unaiweka kando. Itarudi yenyewe. Dondoo nayo ni mada: ina siku yake, inarudi, inapunguzwa, inakatwa tena, mpaka inabaki sentensi moja inayobeba jambo moja. Hapo tu ndipo inapogeuzwa swali na kuanza kupewa alama. Safari hiyo inaweza kuchukua miezi, na kila inaporudi msomaji anajua zaidi kuliko mara ya kwanza, kwa hiyo anakata vizuri zaidi. Kadi nzuri hutoka mwisho wa safari. Anayechuma kadi siku ya kwanza anachagua kilicho muhimu kabla hajaijua mada, na hiyo ndiyo asili ya kadi nyingi mbovu zinazokaririwa bila kueleweka. Org-drill iliichukua hatua ya mwisho ya mchakato ikaipa jina la mchakato mzima.

Wapo wanaosema dawa ni rahisi: ipe dondoo lebo ya drill, iache ipangwe kama kadi nyingine yoyote. Hebu tufanye hesabu. Chukua SM-2, algoriti ya mwaka 1987 ambayo org-drill inaitoa. Muda wa kwanza ni siku 1, wa pili siku 6, halafu kila muda unazidishwa kwa kigezo cha wepesi kinachoanzia 2.5. Ukiipa dondoo alama 4 kila mara, kigezo hakibadiliki, na mida inakwenda 1, 6, 15, 38, 95. Baada ya kuitazama mara tano, aya ambayo hujaimaliza inakukimbia kwa zaidi ya miezi mitatu. Ukitaka irudi mapema itakubidi uipe alama ya kufeli, nayo inarudishwa mwanzo kwenye siku 1 kana kwamba umesahau kitu. Hukusahau chochote, hujaisoma. Alama za 0 hadi 5 zinapima kumbukumbu, na aya inayosubiri kusomwa inahitaji kuulizwa mengine: ina thamani gani, na imebaki kiasi gani? SuperMemo haidai alama kwa mada. Inaongeza muda kwa kigezo cha mada yenyewe, na msomaji ana ruhusa ya kuuvuta au kuusogeza atakavyo.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wapenzi wa ajenda ya Org. Org ina SCHEDULED na virudishi, ukiandika .+1w makala itakuja kila wiki, kwa nini basi kujenga kingine? Kwa sababu kirudishi cha namna hiyo hakikui. Makala iliyokomaa na iliyoingia jana zitakuja kwa mwendo uleule, na baada ya mwezi mmoja wa kuingiza makala kwa pupa ajenda itajaa viporo. Usomaji wa awamu huzalisha viporo kwa asili yake, kwani kila makala inazaa dondoo na kila dondoo inazaa nyingine, kwa hiyo mfumo usio na namna ya kuviahirisha kwa busara utakufa tu. Toleo la SuperMemo la mwaka 2006 lilileta foleni ya vipaumbele kwa sababu hiyohiyo: siku ikizidiwa, kilicho juu kinasomwa na kilicho chini kinasogezwa bila mtumiaji kugusa kitu. Ajenda kwa kawaida inatoa A, B na C. Kwa mamia ya dondoo, hiyo haitoshi.

Halafu kuna suala la droo, yaani sehemu ya faili ambamo Org huweka takwimu za kichwa, ambalo safu hii haitachoka kulisema. Carsten Dominik alipoianzisha Org mwaka 2003, uzuri wake ulikuwa faili ambalo binadamu analisoma bila msaada wa programu. Org-drill inaweka chini ya kila kichwa DRILL_EASE, DRILL_LAST_INTERVAL, DRILL_TOTAL_REPEATS na ndugu zao wengine. Kwenye kadi fupi unaweza kuvumilia. Kwenye dondoo unayotaka kuisoma kwa utulivu, takwimu zinashindana na maneno. Org-fc, chombo kingine cha kadi ndani ya Org, ilipunguza vurugu kwa kuzikusanya kwenye jedwali moja, ila nayo ikaziacha humohumo ndani ya matini. Hoja ya kwamba faili moja linabebeka na halipotezi data ina ukweli, lakini kinachohitaji kudumu ni maandishi na kitambulisho cha org-id. Tarehe na mida zinaweza kukaa nje, na tangu Emacs 29 ilipotoka mwaka 2023 ikiwa na SQLite ndani yake, hata kisingizio cha kuhitaji nyongeza ya hifadhidata hakipo tena.

Itasemwa kwamba org-drill ni chombo cha kadi na haikuahidi zaidi. Iliahidi, siku ilipolitumia jina hilo. SuperMemo ni ya Windows. Mtumiaji wa Linux ambaye hajawahi kuifungua ataujua usomaji wa awamu kwa maelezo ya mwongozo wa org-drill tu. Kinachouma zaidi ni kwamba vifaa vyote vilikuwa mezani. Alamisho za Emacs huhifadhi maneno ya kabla na ya baada ya mahali ulipoishia, hivyo zinapapata hata faili likihaririwa. Org-narrow-to-subtree inaonyesha dondoo moja na kuficha mengine yote. Amri ya kukata kipande na kukipachika kama kichwa kidogo chini ya mzazi wake, kikiwa na kiungo cha kilikotoka, haizidi mistari michache ya Lisp. Kilichokosekana ni kazi moja ndogo inayoichukua makala isiyokwisha, ikatazama kipaumbele chake na muda uliopita, ikaipangia siku bila kumuuliza msomaji alama.