Sifa kwa Bamba, Kazi kwa Sponji

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Amherst, walifanya jambo ambalo kijana yeyote anayejifua kwa mbio Iten, Kenya, angeliita kufuru. Walichukua Nike Vaporfly 4%, kiatu kilichoingia sokoni mwaka 2017 kwa dola 250, wakalikata bamba la kaboni lililofichwa ndani ya soli yake. Walilikata mahali sita, kwa upana, sehemu ya mbele ambako unyayo hukunjika. Kiatu kilichokuwa kigumu kukunjwa kikalegea. Kisha wakawapandisha wakimbiaji 15 kwenye mashine ya kukimbilia kwa mwendo wa kilomita 14 kwa saa, mara na kiatu kizima, mara na kilichokatwa, huku wakipima hewa wanayovuta na kutoa ili kujua nishati inayoteketea mwilini.

Tofauti haikufika hata asilimia 1, na ilikuwa ndogo mno kuthibitishwa kitakwimu.

Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, kwa sababu bamba ndilo lililokuwa limebeba jina lote la kiatu hiki. Watangazaji waliliita springi. Wapinzani walisema mkimbiaji amefungiwa mtambo miguuni. Kampuni shindani nazo, zilipoanza kuiga, zilikimbilia kutangaza kwamba na zenyewe zina kaboni. Ukweli uko chini kidogo ya kaboni, na juu yake pia: kwenye ile sponji nyeupe nene ambayo mtu akiitazama haraka ataidhani ni ya godoro.

Kiatu chenyewe kilianza kazi kabla hakijajulikana. Kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, Eliud Kipchoge wa Kenya, Feyisa Lilesa wa Ethiopia na Galen Rupp wa Marekani walichukua dhahabu, fedha na shaba ya marathoni ya wanaume, wote watatu wakiwa wamevaa toleo la majaribio. Mei 2017, kwenye uwanja wa mbio za magari wa Monza nchini Italia, Kipchoge akakimbia kilomita 42.195 kwa saa 2:00:25, katika jaribio lililoandaliwa na Nike yenyewe. Miezi michache baadaye kiatu kikauzwa madukani kikiwa na "4%" kwenye jina lake, kama bei iliyobandikwa kwenye bidhaa.

Asilimia hiyo 4 ilitoka Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Wouter Hoogkamer, Rodger Kram na wenzao waliwapima wakimbiaji 18 kwa kasi tatu, kilomita 14, 16 na 18 kwa saa, wakilinganisha toleo la majaribio na viatu viwili vya mashindano vilivyokuwa bora wakati huo: Nike Zoom Streak 6 na Adidas Adios Boost 2. Hiki cha pili ni cha ukoo wa kiatu alichovaa Dennis Kimetto alipoweka rekodi ya dunia ya saa 2:02:57 mjini Berlin mwaka 2014. Utafiti uligharimiwa na Nike, na baadhi ya waandishi wake walikuwa wafanyakazi wake. Msomaji ana haki ya kukunja uso hapo. Lakini namna walivyopima ilikuwa ya uangalifu. Kiatu kipya kilikuwa chepesi kuliko kile cha Adidas, na wepesi peke yake hupunguza gharama ya kukimbia. Gramu 100 kwenye kiatu kimoja huongeza takriban asilimia 1 ya nishati. Kwa hiyo wakakiongezea vipande vya risasi mpaka uzito ukalingana. Faida ya asilimia 4 ilionekana baada ya wepesi kuondolewa kwenye hesabu.

Ilitoka wapi? Kila mguu unapotua, soli hubonyea, na kubonyea huko huweka nishati kidogo akiba, kama mpira uliominywa. Mguu ukiondoka, soli hufumuka na kurudisha sehemu ya nishati hiyo. Iliyobaki hupotea kuwa joto. Kwenye mashine ya kupimia, Zoom Streak ilirudisha asilimia 65.5 ya ilichopewa, Adios Boost asilimia 75.9, na kiatu kipya asilimia 87. Hizo ndizo namba zilizonukuliwa sana, lakini zinaeleza nusu tu ya habari. Kiatu kipya kilibonyea kama milimita 12, karibu mara mbili ya vile viwili, hivyo kilipokea nishati nyingi zaidi tangu mwanzo. Ukizidisha akiba kubwa kwa urejeshaji mkubwa, unapata kiatu kinachorudisha jouli 7.46 kwa hatua, wakati wenzake wanarudisha 3.38 na 3.56. Zaidi ya maradufu.

Ikumbukwe kwamba hata asilimia 87 ni hasara. Hakuna soli inayorudisha zaidi ya ilichopewa, na aliyekiita kiatu hiki injini hakuangalia kipimo. Kiatu cha zamani kilikuwa kikimwibia mkimbiaji theluthi ya nishati aliyoweka kwenye soli. Hiki kinamwibia kama moja ya nane. Katika marathoni yenye makumi ya maelfu ya hatua, wizi uliopunguzwa hivyo unaonekana kwenye saa.

Malighafi ya sponji hiyo huitwa PEBA, aina ya plastiki inayonyumbuka. Kampuni ya Arkema ya Ufaransa ndiyo iliyoifanya ijulikane kwa jina la Pebax, na kabla ya riadha ilitumika kwenye viatu vya kuteleza thelujini na mirija ya hospitali. Kuigeuza kuwa sponji ni kazi ya Zotefoams, kiwanda cha Croydon, Uingereza. Plastiki huwekwa kwenye tangi la chuma, ikashindiliwa gesi ya naitrojeni kwa shinikizo kubwa na joto. Shinikizo likipunguzwa, gesi iliyojificha ndani hutanuka na plastiki nzima hufura kama andazi kwenye mafuta. Kinachobaki ni vijumba vidogo vidogo vya hewa vyenye kuta laini zinazorudi mahali pake haraka. Sponji ya kawaida ya viatu, EVA, hupatikana kwa kemikali zinazotoa gesi zikipashwa moto. Ni rahisi na imara, lakini ni nzito zaidi na mvivu wa kufumuka.

Wepesi huo ndio uliofungua mlango wa unene. Zamani kiatu cha mashindano kilikuwa chembamba kwa sababu kila milimita ya soli ilikuwa uzito. Vaporfly ya maabara ya Colorado ilikuwa na kisigino cha milimita 31 wakati wenzake walikuwa na kama 23, na bado ilikuwa nyepesi kuliko kile cha Adidas.

Basi bamba linafanya nini? Wazo lenyewe halikuanzia Nike. Darren Stefanyshyn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walikuwa wakitia vibao vigumu kwenye viatu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2006 walieleza kwamba ugumu wa kiasi ulipunguza nishati kwa karibu asilimia 1. Hoja yao ni kwamba kiungo cha kidole gumba cha mguu kinapokunjika kwenye hatua hula nishati bila kuirudisha, na kiatu kigumu hukizuia kisikunjike sana. Kwenye Vaporfly bamba limepindwa kama kijiko, hivyo uzito wa mwili unapopita mbele mguu unabingirika badala ya kukunjika. Lakini jaribio la Amherst linaonyesha kwamba hata bamba lililokatwakatwa liliacha sehemu kubwa ya faida mahali pake. Maelezo yenye mashiko ni haya: sponji laini na nene kiasi hicho, ikiachwa peke yake, huyumba kama kukimbia juu ya mto wa kulalia. Bamba hulisambaza shinikizo na kuishika soli isipinde ovyo. Ni boriti ya nyumba; linalostahili sifa ya ubaridi wa ndani ni paa.

Sasa kwenye saa. Kosa la mashabiki lilikuwa kuchukua asilimia 4 na kuitoa moja kwa moja kwenye muda. Nishati na kasi haviendi sambamba hivyo, kwa sababu kadiri mtu anavyokwenda kasi ndivyo upepo unavyomzuia zaidi. Kwa mwendo wa mabingwa, kuokoa asilimia 1 ya nishati huongeza kasi kwa kama theluthi mbili ya asilimia 1 tu. Kwa hesabu hiyo Kimetto wa mwaka 2014 angepunguziwa dakika 3 na ushei. Haikuwa hivyo. Septemba 2018 Kipchoge alikimbia Berlin kwa saa 2:01:39, akapunguza sekunde 78 kwa mpigo, pengo kubwa kuliko lolote tangu mwaka 1967. Mwaka 2022 akashuka hadi 2:01:09, na Oktoba 2023 Kelvin Kiptum akafika 2:00:35 mjini Chicago. Kutoka Kimetto hadi Kiptum ni dakika 2 na sekunde 22, ndani ya miaka tisa ya viatu, mafunzo na vinywaji vyenye wanga vilivyokuwa vikiboreshwa kwa pamoja. Ndiyo maana mtu asimvue Kiptum sifa halafu akaikabidhi Nike.

Wikiendi moja ya Oktoba 2019 ndiyo iliyoligeuza suala hili kuwa gumzo la mitaani. Jumamosi, tarehe 12, Kipchoge alikimbia Vienna kwa 1:59:40, akiwa na waongoza kasi 41 wanaopokezana na gari linalochora mstari wa leza barabarani, muda ambao haukuhesabiwa kuwa rekodi. Kesho yake Brigid Kosgei akashinda Chicago kwa 2:14:04, akaifuta rekodi ya Paula Radcliffe ya 2:15:25 iliyodumu tangu London 2003. Rangi ya waridi ya viatu vile ikawa picha ya gazeti. Soli nene zikaanza kuonekana hata kwenye miguu ya watu wasio na mpango wa kukimbia zaidi ya kuwahi daladala.

Mtindo una tabia ya kusahau haraka. Miaka michache tu kabla ya hapo, wasemaji wa mbio walihubiri kinyume kabisa: vua viatu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha kwenye jarida la Nature utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliozoea kukimbia pekupeku, akionyesha kwamba mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu, bila mshtuko mkali wa kisigino. Soko likavuta kamba: viatu vyembamba vyenye vidole kama glavu vikauzwa kwa wingi, mpaka mwaka 2014 Vibram, mtengenezaji wake, ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya madai kuhusu faida za kiafya ilizotangaza.

Na miguu ya Wakenya ikaitwa tena kutoa ushahidi, safari hii kwa upande wa soli nene. Mwaka 2023 Melanie Knopp, mtafiti aliyehusishwa na Adidas, pamoja na wenzake akiwemo Yannis Pitsiladis, waliwapima Wakenya saba wa kiwango cha dunia, wenye wastani wa kama dakika 59 na nusu kwa nusu marathoni, na Wazungu saba wa ridhaa. Kila mmoja alijaribu viatu vitatu vya kisasa dhidi ya kiatu chembamba cha kawaida. Kwa Wakenya, tofauti ilianzia hasara ya asilimia 11.3 hadi faida ya asilimia 11.4. Kwa uchambuzi wa viatu, hiyo ndiyo namba nzito kuliko ile 4 iliyoandikwa kwenye boksi. Wastani huficha mtu: kiatu kinachompa mwenzako dakika kinaweza kukunyang'anya, na hakuna anayejua mpaka apimwe.

Sheria ilikuja baada ya farasi kutoka zizini. Januari 2020 World Athletics iliweka kikomo cha milimita 40 za unene na bamba moja tu kwa kiatu. Ni sheria inayopimika kwa rula, na hilo ndilo jema lake. Septemba 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka mstari wa kwanza katika marathoni ya Vienna, akafutwa kwa sababu soli yake ilikuwa na milimita 50. Ushindi ukaenda kwa Leonard Langat wa Kenya. Lakini rula haipimi sponji. Ndani ya milimita zile 40 kampuni zimeendelea kubadilisha kemia, na Septemba 2023 Tigst Assefa akakimbia Berlin kwa 2:11:53 akiwa na Adidas Adizero Adios Pro Evo 1, kiatu cha gramu 138.

Hapo ndipo suala linapomrudia mnunuzi wa kawaida. Kando ya barabara za Iten, viatu vya mbio vilivyotumika vinauzwa siku zote, na bamba la kaboni ndilo linalopandisha bei. Bamba litabaki gumu kwa muda mrefu. Sponji haina umri huo: watafiti wa Hispania walipolinganisha viatu vya PEBA vipya na vilivyokwisha kukimbiwa kilomita 450, vile vya zamani vilikuwa vimepoteza ubora wao na kukaribiana na EVA ya kawaida. Anayenunua mtumba wenye kaboni aulize kwanza umekimbia kilomita ngapi. Evo 1 ya Assefa iliuzwa dola 500, na Adidas wenyewe walisema imetengenezwa kwa marathoni moja, pamoja na mazoezi machache ya kuizoea.