Jinsi Maddison Alivyopima Pato la Dunia

Katika kitabu alichochapisha mwaka 2001, mwanauchumi Mwingereza Angus Maddison alikadiria kuwa wastani wa pato la kila mtu duniani ulikuwa dola 435 mwaka 1000, ukafika 667 mwaka 1820 na 5,709 mwaka 1998, yaani uchumi uliotambaa kwa zaidi ya karne nane ulikua takriban mara nane na nusu katika muda usiotimia karne mbili.

Dola hizo si noti za Marekani, bali ni dola za kimataifa za mwaka 1990, kipimo kinachosawazisha uwezo wa fedha kununua, kwa kuwa kiasi kilekile cha mchele hakiuzwi bei moja kila nchi. Kwa kanuni ya Roy Geary wa Ireland na Salem Khamis wa Palestina, kila bidhaa hupewa bei moja ya wastani wa dunia, kisha mazao ya nchi zote huthaminiwa kwa bei hizo. Baada ya kupata kiwango cha 1990, Maddison alirudi nyuma kwa kufuata kasi ya ukuaji iliyokokotolewa na wanahistoria wa kila nchi.

Njia hiyo ni imara palipo na sensa na daftari za forodha. Kabla ya 1820, ambapo kumbukumbu za namna hiyo ni adimu, Maddison alichukua dola 400 kuwa kima cha chini cha kumwezesha mtu kuishi, na maeneo mengi akayapangia kiwango hicho au kinachokikaribia, hivyo sehemu ya mdororo unaoonekana katika majedwali yake imezaliwa na dhana yenyewe. Bara zima la Afrika limeandikiwa 400 mwaka 1500 na 400 tena mwaka 1700, tarakimu isiyotokana na mavuno wala ujira uliopimwa, na isiyoweza kusema lolote kuhusu Kilwa, iliyofua sarafu zake na kunufaika na dhahabu ya Sofala.

Uingereza ilipochunguzwa upya na Stephen Broadberry na wenzake, waliopekua hesabu za mashamba ya makabaila zilizotunzwa tangu karne ya 13, pato la mtu mwishoni mwa Zama za Kati lilionekana kukaribia dola 1,000, zaidi ya maradufu ya kima cha dola 400 cha Maddison. Kwa hiyo 400 ya Afrika haifai kunukuliwa kama kipimo cha umaskini wa kale; ni nafasi iliyojazwa kwa kukisia, nayo inasubiri watafiti wa kuijaza kwa ushahidi.