Ukakasi wa Embiile

Rubisi nzuri, pombe ya ndizi ya Wahaya, humkaba mnywaji kidogo kabla ya kumpendeza. Funda la kwanza hupita ulimini likiwa na utamu, kisha ufizi unakaza, mashavu yanavutika kwa ndani, na mate yanatoka yenyewe. Hapo ndipo mtu wa Ijumbi, wilayani Muleba, Kagera, anapotambua kama aliyeikamua alitumia embiile tupu, yaani ndizi ya pombe, au alichanganya na ndizi laini ili mtumbwi wa kukamulia ujae. Mgeni huuona ukakasi huo kuwa kasoro, na wapo hata wenyeji wa siku hizi wanaotia sukari ili kuuficha. Kwangu mimi ukakasi ndio uti wa mgongo wa kinywaji hiki, na ukiuondoa unabaki na maji matamu yenye kilevi.

Katika kibanja cha Mhaya, migomba ya chakula na migomba ya pombe hukua pamoja. Asiyezoea hawezi kuitofautisha kwa kuiangalia kutoka barabarani. Majani ni yaleyale, na kivuli kinachoangukia mibuni ni kilekile. Tofauti imo ndani ya tunda. Kata embiile ambayo haijaiva, uitazame kwa karibu: katikati ya nyama yake nyeupe utaona vitone vya utomvu wa kahawia, unaonata kwenye kisu na kukiachia doa. Ndiyo maana embiile haiingii chunguni pamoja na ebitoke, ndizi za chakula. Ukiipika, utakula uchungu.

Kinachokaza ufizi ni tanini, ileile iliyomo kwenye chai ya rangi iliyokolea na kwenye maganda ya zabibu nyekundu. Tanini hushikana na protini za mate, na mate yakishashikwa, ulimi hukosa ule utelezi wake wa kawaida. Ndizi inapoiva, sehemu kubwa ya tanini hufungwa na ukali hupungua, lakini hauishi. Kazi yote ya mkamuaji iko katika kujua ni kiasi gani kibaki.

Kazi hiyo huanza siku kadhaa kabla ya kukamua. Mikungu huvunwa ikiwa imekomaa lakini bado ya kijani. Wengine huivumbika shimoni: shimo hupashwa moto, hutandikwa majani ya migomba, ndizi hupangwa, hufunikwa majani tena, kisha udongo. Wengine huipanga kwenye uchanja juu ya jiko, na joto la moshi linaivisha ndizi taratibu. Huchukua siku 4 hadi 6, kutegemea baridi, na katika vilima vya Muleba baridi si ya kupuuzwa. Mkamuaji hufukua kidogo pembeni, anatoa ndizi moja, anaibonyeza kwa kidole gumba, anaimenya, anaionja. Ikiwahi kutolewa, haitatoa juisi. Ikichelewa, itageuka uji usiokamulika. Hakuna kipimo kingine zaidi ya kidole na ulimi, na nimeona watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha kemia wakilenga siku hiyo bila kukosea.

Kisha obwato, mtumbwi uliochongwa kwenye gogo moja, huoshwa na kuwekwa sawa. Ndizi zilizomenywa humwagwa ndani pamoja na majani magumu makavu, na wanaume walionawa miguu huingia kukanyaga. Kwa desturi hii ni kazi ya wanaume. Majani ndiyo yenye siri. Ndizi ikipondwa peke yake hubaki rojo zito, lakini majani yanapoishika nyama yake na kuisugua chini ya nyayo, ghafla juisi hujitenga, nyepesi, ya rangi ya dhahabu. Anayekanyaga huisikia mguuni kabla ya kuiona: rojo linalonata linalegea, na mguu unaanza kuteleza. Hapo huongezwa maji, majani hukamuliwa mara ya mwisho, na juisi huchujwa. Wakati huo bado ni mramba, juisi isiyo na kilevi, na watoto waliokuwa wamezunguka obwato tangu mwanzo hupata vikombe vyao.

Kinachougeuza mramba kuwa rubisi ni mtama uliokaangwa na kusagwa chengachenga. Mtama huleta rangi, huleta harufu ya nafaka iliyobabuka, na huongeza ukakasi wake juu ya ule wa ndizi. Hamira ya dukani haihitajiki. Chachu imo tayari kwenye ndizi, kwenye mtama, na kwenye mbao za obwato lenyewe, ambalo limelowa pombe miaka na miaka. Hufunikwa kwa majani ya migomba na kuachwa usiku kucha. Ukiweka sikio karibu utasikia linavyochemka bila moto. Kesho yake iko tayari, yenye nguvu kati ya asilimia 2 na 5 hivi, na mtungi wa kwanza zamani ulikuwa na njia yake: Mkama, mtawala wa jadi, alikuwa na fungu lake, na wahenga wa ukoo walikuwa na lao. Utawala wa machifu ulifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini posa bado zinasindikizwa na vibuyu vya rubisi.

Sasa kuonja. Mwenye nyumba hunywa kwanza, mbele ya mgeni, ili mgeni aone kuwa kilichomo ni salama. Kisha kibuyu hukabidhiwa kwa mikono miwili. “Karibu, waitu.” Mzee anayejua hatavuta haraka. Huangalia povu kwanza; povu la rubisi nzima ni zito na linakaa, lile la rubisi iliyoanza kuchacha linapasuka upesi. Hunusa. Akipewa mrija, hausukumi hadi chini penye machicha, wala hauachi juu kwenye makapi ya mtama. Anaushikilia katikati, ambako kinywaji ni safi zaidi. Funda moja hulizungusha mdomoni na kulimeza, halafu hungoja. Kule kungoja ndiko kuonja kwenyewe, kwa sababu utamu husema mara moja, ila ukakasi huja nyuma, na urefu wa kukaa kwake ndio unaomwambia kibanja kilikuwa cha namna gani na mkamuaji alikuwa mtu wa namna gani.

Nimekutana na kungoja kwa namna hiyo mahali pengine pamoja tu, kwenye mvinyo wa wakulima wa Hispania. Sisemi ile chupa ya kutunza kabatini. Nasema mvinyo mwekundu wa Jumilla, katika jimbo la Murcia, wa zabibu inayoitwa Monastrell: ganda nene, jua kali, mvua haba. Ni mvinyo wa bei ya kawaida, wenye giza, unaokaza ufizi kama embiile. Huko pia zabibu zilikanyagwa kwa miguu, na huko pia kipo chombo cha kunywea pamoja, porrón, chenye mdomo mrefu unaomimina kinywaji kinywani bila kuguswa na midomo ya mtu. Wengi wetu Kagera divai tuliijua kwanza altareni, kwa kuwa kanuni za Kanisa Katoliki zinataka itokane na zabibu, kisha tukaikuta ya Dodoma madukani. Tukazoea kudhani kwamba divai ni ya kuonjwa na rubisi ni ya kunywewa tu. Nilipoonja ile ya Jumilla nilitambua kwamba mdomo uliofundwa na rubisi unaielewa bila mkalimani.

Hata balaa lao linafanana na letu. Mwaka 1989 filoksera, mdudu anayekula mizizi ya mizabibu, alienea Jumilla, ambako kwa muda mrefu mchanga ulikuwa umemzuia. Mashamba yaling’olewa, lakini wakulima walipopanda upya walirudisha Monastrell ileile, safari hii kwenye mizizi inayostahimili. Muleba ilipata pigo lake mwaka 2006, mnyauko bakteria wa migomba ulipogunduliwa wilayani. Wadudu wanaotembelea maua hubeba ugonjwa, na kisu cha mkulima huupeleka kutoka shina hadi shina. Mgomba unanyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ndani zimeoza. Dawa haipo, kilichopo ni kung’oa, kuchoma kisu motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na kukata ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Aliyepoteza kibanja hupanda kwanza kinachojaza tumbo, na simlaumu. Embiile hungoja zamu yake, na katika baadhi ya vibanja zamu hiyo haijafika.

Ndiyo maana nikiingia kilabuni Ijumbi naulizia ndizi kabla ya kuulizia bei, na mkamuaji mzuri hufurahia swali hilo. Naulizia na siku. Siku ya kwanza utamu bado uko mbele. Siku ya pili utamu umepungua na mtama unasikika vizuri. Hii ndiyo ya wazee. Kuanzia ya tatu uchachu unatawala, na mwenye heshima yake hamtilii mgeni. Kama ni mwezi wa Novemba na senene wameanguka, omba hiyo ya siku ya pili. Senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe huacha ulimi na utando wa mafuta na chumvi. Funda moja la embiile linausafisha wote, na mkono unarudi sahanini kuchukua senene mwingine.