Kibaba cha Moja kwa Mia

Tumbo halijui dawa. Kwake, mnyororo wa asidi amino ni chakula tu, uwe umetoka kwenye minofu ya samaki au maabara: tindikali huulegeza, pepsini ikaukatakata. Ndiyo maana insulini, iliyomfikia mgonjwa wa kwanza mjini Toronto Januari 1922, haijawa dawa ya kumeza hadi leo. Wanaotengeneza dawa za kumezwa za peptidi, yaani minyororo kama hiyo, wanakabiliana na kiungo kisicho na kosa, kinachotimiza wajibu wake barabara. Ninawasifu kwa sababu upenyo walioupata wameupata kwa kulisoma tumbo, bila kuliharibu.

Tazama semaglutaidi, dawa ya kisukari yenye asidi amino 31, ambayo kidonge chake kiliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Homoni ya utumbo inayoigwa na dawa hiyo hudumu dakika mbili hivi kwenye damu. Mafundi wakabadili pingili moja mahali ambapo kimeng'enya hukata, wakaitundikia mkia wa asidi ya mafuta unaojishikiza kwenye albumini ya damu. Uhai wake ukarefuka: kiwango chake kwenye damu sasa huchukua takriban wiki nzima kupungua nusu. Kisha wakaishindilia kidongeni pamoja na miligramu 300 za chumvi iitwayo SNAC. Kidonge kikilala juu ya ukuta wa tumbo humomonyoka taratibu, na pale kilipolala SNAC huzima ukali wa tindikali, pepsini ikapoteza makali, utando wa seli ukalainika na dawa ikapenya. Pembeni kidogo, tumbo linaendelea na shughuli zake. Ndiyo sababu mgonjwa humeza kabla ya kula chochote, kwa maji yasiyozidi mililita 120, kisha akasubiri nusu saa: maji mengi au chakula vingeivuruga kazi hiyo ya mahali padogo.

Hata hivyo, kinachopenya ni kama sehemu moja kwa mia, pengine pungufu. Mtu atauliza: si ufujaji huu, kumeza miligramu 14 kila siku ilhali sindano ya miligramu 1 hutosha wiki? Hoja ni nzito, maana peptidi ni ghali na gharama humwangukia mgonjwa. Lakini uchache si tatizo kubwa kuliko kuyumba: leo ipenye nyingi, kesho kiduchu. Hapo ndipo uhai mrefu unapofidia. Kidonge cha leo huongezea mabaki ya jana na juzi, na kiwango kwenye damu hutulia. Haba na haba hujaza kibaba. Insulini haina nafasi hiyo, kwani kipimo chake kikizidi, sukari hushuka kwa hatari siku hiyo hiyo. Wapo pia wasemao sindano za leo ni nyembamba, zinatosha. Zinatosha kwa mwenye jokofu la kuzihifadhi na asiyeogopa kudungwa; kidonge hukaa kabatini, mradi kisitolewe mapema kwenye pakiti yake kikapata unyevu. Ufundi unaostahili sifa ni huu wa kukubali kidogo ambacho tumbo linaruhusu, kisha kukifanya kitoshe.