Mizani ya Mtoto wa Kike katika Wasifu wa Siti binti Saad

Mtoto wa kike amepimwa tangu zamani kwa mizani isiyo yake. Kuzaliwa kwa mvulana kuliitwa kupata mrithi. Kuzaliwa kwa msichana kulihesabiwa kuwa kulea mgeni, ambaye kesho atakwenda kujenga nyumba ya watu wengine. Imani hii ni kongwe, na kwa ukongwe wake aghalabu hudhaniwa kuwa kweli. Miongoni mwa vitabu vya Kiswahili vilivyoitikisa, Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga Shaaban Robert, una mahali pa heshima. Walakini heshima hiyo haizuii kitabu kuhojiwa.

Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya ufukara. Jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Unguja ila mwaka 1897. Kazi aliyorithi ilikuwa ya mama yake, kufinyanga vyungu na kuvichukua mjini kuviuza. Shule hakuipata: shule ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, naye alikwisha kuwa mtu mzima. Alihamia mjini mwaka 1911, akafundishwa muziki, akawa kiongozi wa kundi ambalo wapigaji wake, akina Subeti, Buda, Mbaruku na Maalimu Shaaban, walikuwa wanaume. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika santuri, na nyimbo hizo zilikuwa za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950.

Hoja ya kwanza ya Shaaban Robert haimo katika maneno ya kitabu. Imo katika kuchagua. Kusimuliwa maisha kulikuwa sehemu ya masultani, mashehe na mashujaa wa vita. Kumpa binti wa mfinyanzi heshima hiyo ni kuikana mizani ya zamani kabla ya kuandika sura ya kwanza. Tena mwandishi haombi radhi. Waliomcheka Siti kwa sura na asili yake wanapewa nafasi ya kusikika, kisha jibu la mwimbaji linawekwa mbele ya msomaji, kwamba akili na tabia ni pambo lisilochakaa. Hapo ndipo kitabu kina nguvu kuliko pengine pote.

Ila hoja hiyo ina ufa. Thamani ya Siti inathibitishwa kwa sauti yake, kwa mapato yake na kwa kukaribishwa katika majumba ya wakubwa. Msomaji mwenye imani ya zamani anaweza kukubali yote haya na bado asibadilike hata kidogo: atasema Siti alikuwa ajabu, na ajabu haivunji kanuni. Mvulana hadaiwi ushahidi wa namna hii. Hupokewa kwa furaha siku anayozaliwa, wala hakuna anayengoja aimbe Bombay. Kwa hiyo mwandishi aliyetaka kuivunja mizani ameishia, pasipo kukusudia, kuweka uzito mkubwa upande mwepesi.

Siti mwenyewe, katika nyimbo zake, alikwenda mbali zaidi. Wimbo wa Kijiti wasimulia mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akauawa na mwanamume aliyemchukua ngomani. Muuaji alivuka bahari akatoroka. Adhabu ikawashukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Aliyeuawa hakuwa na kipaji kinachotajwa wala mali inayohesabiwa. Alikuwa mtu, na wimbo wadai haki yake kwa sababu hiyo tu. Dai hili ni zito kuliko sifa zote za wasifu, kwa kuwa halimtazami mwanamke kwa faida anayoleta.

Upungufu huo wa Shaaban Robert haukuwa wa uhasama. Katika Maisha Yangu alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Baba aliyewapa watoto wake wawili zawadi ya namna moja hakuwapima kwa mizani mbili. Hata hivyo binti anaelekezwa zaidi nyumbani na kwa mume, kama alivyoelekezwa binti wa Mwana Kupona mwaka 1858. Na katika utenzi huo wa kale kuna kinyume kisichokwisha kustaajabisha: mafunzo ya utii kwa mume yalitungwa na mwanamke mwenye elimu na ufundi ambao wanaume wengi wa zama zake hawakuufikia. Mkono uliotunga wabisha maneno yaliyotungwa.

Lipo swali moja ambalo wasifu hauliulizi. Siti hakuwa msichana pekee wa shamba aliyeingia mjini na vyungu kichwani. Wengine waliuza vyungu vyao, wakarudi kabla ya jua kuchwa, wakazaa, wakazikwa, na hakuna santuri iliyobeba sauti zao. Kitabu kinawapita njiani, kikimfuata mmoja aliyebaki mjini.