Nywila ya Wi-Fi Iliyosahaulika Bado Imo Nyumbani

Mwenye nyumba amesahau nywila ya Wi-Fi, lakini simu yake inaendelea kupata intaneti bila kumwuliza chochote. Wengi hulipita jambo hilo bila kulitazama. Huchukua sindano, wakabonyeza kitufe kilichofichwa nyuma ya ruta na kufuta kila kitu, au humlipa fundi aje afanye hivyo hivyo. Ilhali simu isingeunganishwa kama haijui nywila. Kazi ya kuipata tena, basi, ni kazi ya kujibu swali moja: ni kifaa gani kinaikumbuka, na kitakubali kuisema kwa njia gani?

Tuchukue nyumba ya kawaida huko Matinyani, wadi ya eneo bunge la Kitui Magharibi. Nyaya za faiba hazifiki kila boma, hivyo intaneti ya nyumbani huja kwa ruta yenye laini ya simu, au kwa dishi la Starlink, kampuni iliyoanza kutoa huduma nchini Kenya Julai 2023. Mara nyingi anayefunga mtambo si anayeutumia. Kijana anayefanya kazi Nairobi anauleta Desemba, anabadilisha nywila ya kiwandani, anaunganisha simu ya mama na za wadogo zake, kisha Januari anarudi kazini. Miezi inapita. Mjukuu anafika likizoni na simu mpya. "Susu, nywila ya Wi-Fi ni gani?" Susu, yaani bibi yake, hajui; hajawahi kuiandika hata siku moja.

Kwa nini simu hukumbuka

Tovuti iliyotengenezwa vizuri haiweki nywila yako. Huweka alama ya kihesabu iliyotokana nayo, na alama hiyo haigeuzwi ikarudi kuwa maneno. Ndiyo sababu ukisahau nywila ya barua pepe hupewi ile ya zamani, bali unaambiwa uunde nyingine.

Wi-Fi ya nyumbani haifanyi kazi hivyo. Katika mfumo wa WPA2, ulioanza mwaka 2004 na ungali unatumika katika ruta nyingi, simu na ruta huthibitishiana kwamba kila mmoja ana ufunguo uleule, bila ufunguo wenyewe kupita hewani. Ufunguo huo hupikwa kutokana na vitu viwili: nywila ya herufi 8 hadi 63, na jina la mtandao. Viwili hivyo huchanganywa kwa hesabu inayorudiwa mara 4,096, na matokeo yake ni ufunguo wa biti 256. Simu hulazimika kuthibitisha upya kila inaporudi nyumbani, kwa hiyo haina budi kuhifadhi ama nywila yenyewe au ufunguo uliopikwa. Simu nyingi, na kompyuta za Windows, huhifadhi nywila yenyewe, zikiilinda kwa usimbaji.

Kwa maana hiyo kila kifaa ulichowahi kukiunganisha ni kama nakala ya ufunguo wa mlango iliyo mkononi mwa mtu. Nyumba yenye simu tano ina nakala tano. Ziendee hizo kabla ya kuvunja kitasa.

Anza na simu

Android toleo la 10, lililotoka mwaka 2019, lilileta njia ya kugawa Wi-Fi kwa msimbo wa QR. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao uliounganishwa, kisha chagua alama ya kushiriki. Simu itadai alama ya kidole au PIN, halafu itaonyesha mraba wa madoa meusi na meupe. Simu nyingine huandika nywila kwa herufi chini ya mraba huo. Nyingine huonyesha mraba peke yake.

Mraba peke yake unatosha kumwunganisha mjukuu: anaulenga kwa kamera ya simu yake na kazi imekwisha. Lakini kama shabaha ni kuijua nywila, soma mraba huo kwa programu ya kawaida ya kusoma misimbo kwenye simu nyingine. Ndani yake mna maandishi ya wazi kabisa, ya namna hii: WIFI:T:WPA;S:jina la mtandao;P:nywila;; Kinachofuata baada ya P na nukta mbili ndicho unachokitafuta. Angalia jambo moja tu. Ikiwa nywila ina nukta mkato, koma, nukta mbili au mkwaju wa nyuma, msimbo huongeza mkwaju wa nyuma mbele ya alama hiyo. Nywila "mboga;kitui" itasomeka "mboga\;kitui". Mkwaju huo ulioongezwa si sehemu ya nywila, uondoe.

Kwenye iPhone, uwezo huu ulikuja na iOS 16 mwaka 2022. Gusa alama ya i kando ya jina la mtandao, gusa mstari wa nywila, thibitisha kwa uso au kidole, na herufi zitaonekana. Toleo hilo pia huonyesha orodha ya mitandao ya zamani, hata ile ambayo simu iko mbali nayo kwa wakati huo.

Hapo ndipo yule kijana wa Nairobi anapoingia. Si lazima apande gari kurudi Kitui. Kama hajabadilisha simu wala hajaufuta mtandao wa nyumbani, bado anao katika orodha ya mitandao iliyohifadhiwa, na simu nyingi za Android humruhusu kuufungulia msimbo akiwa hukohuko aliko. Apige simu aisome nywila herufi kwa herufi, akitaja ipi ni kubwa na ipi ni ndogo, ipi ni sifuri na ipi ni herufi O. Mara nyingine nywila inasemwa "imekataa" kumbe ni sifuri na O tu zilizobadilishana nafasi.

Kuna tahadhari moja. Simu hukumbuka nywila iliyotumiwa mara ya mwisho. Kama mtu aliibadilisha baadaye, simu ya Nairobi itatoa ya zamani kwa uaminifu kabisa. Kwa hiyo simu ya kuaminiwa kwanza ni ile iliyounganishwa sasa hivi, ndani ya nyumba.

Kompyuta husema bila kuficha

Kama nyumbani kuna kompyuta ya Windows iliyowahi kuunganishwa, kazi ni ya mstari mmoja. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike:

netsh wlan show profile name="jina la mtandao" key=clear

Weka jina halisi la mtandao ndani ya alama za kunukuu. Yatatokea maelezo mengi. Tafuta mstari wa Key Content, na nywila iko mbele yake. Windows 11 pia huionyesha ndani ya mipangilio bila amri yoyote, katika orodha ya mitandao inayojulikana. Kwenye Linux, nywila hukaa kwa kawaida katika faili zilizo ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections, ambazo msimamizi pekee ndiye anayeruhusiwa kuzisoma.

Tuseme basi hakuna simu mpya ya kutosha, na kompyuta iliyopo haijawahi kuunganishwa. Ruta nyingi zina kitufe cha WPS. Ukikibonyeza, kwa takriban dakika mbili ruta hukubali kifaa kipya bila kuandika nywila. Android iliondoa njia hii katika toleo la 9, lakini Windows bado inaikubali. Jambo la maana ni kwamba katika kubonyeza huko ruta huikabidhi kompyuta siri ya mtandao, na mara nyingi siri hiyo ni nywila yenyewe. Kwa hiyo unabonyeza kitufe, kompyuta inaunganishwa, unaandika ile amri ya netsh, na nywila inaonekana.

Kuuliza ruta yenyewe

Njia zote za vifaa zikishindikana, ruta ndiyo shahidi wa mwisho. Chomeka kompyuta kwa waya, au tumia simu iliyokwisha kuunganishwa, kisha andika anwani ya ruta kwenye kivinjari. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta nyingi za laini zilizotengenezwa na Huawei hutumia 192.168.8.1. Ukurasa utadai jina na nywila ya msimamizi, ambazo si zile za Wi-Fi. Hizo huchapishwa kwenye stika iliyo chini ya ruta, na watu wengi waliobadilisha nywila ya Wi-Fi hawakuzigusa. Ukiingia, sehemu ya usalama wa Wi-Fi itakuonyesha nywila au itakuruhusu kuandika mpya. Mwenye Starlink hahitaji anwani hiyo: hutumia programu ya Starlink kwenye simu iliyounganishwa.

Kitufe cha kufuta ndicho cha mwisho, na sababu yake iko katika hesabu tuliyoianza. Kukibonyeza kwa sekunde kumi hivi hurudisha jina na nywila za kiwandani, zile za kwenye stika. Ufunguo unapikwa kutokana na jina na nywila, na angalau kimoja kimebadilika, kwa hiyo kila kifaa cha nyumba kinakuwa mgeni: simu, televisheni, kamera ya getini. Bando halipotei, kwa maana bando limo katika hesabu za mtoa huduma wa laini, si ndani ya ruta. Lakini ruta ya faiba iliyowekewa jina na nywila za akaunti inaweza kuvipoteza, na hapo utalazimika kumpigia mtoa huduma. Baadaye ukija kuipata nywila ya zamani, rudisha jina lilelile na nywila ileile. Vifaa vyote vitajiunganisha vyenyewe.

Mbona usiibahatishe?

Wapo wanaoamini kuna programu ya kuvunja Wi-Fi yoyote. Ukweli ni kwamba nguvu ya kuvunja inategemea nywila yako zaidi kuliko programu. Oktoba 2021, mtafiti Ido Hoorvitch wa kampuni ya usalama ya CyberArk alieleza jinsi alivyokusanya data za mitandao 5,000 katika mji wa Tel Aviv, akafanikiwa kupata nywila za zaidi ya asilimia 70 kati yake. Sababu kubwa: watu walikuwa wametumia namba zao za simu.

Kenya tuna mazoea hayohayo, na hesabu ni ileile. Namba inayoanza na 07 ina tarakimu nane tu zisizojulikana, yaani namba milioni 100. Kadi ya michoro inayojaribu nywila 200,000 kwa sekunde inazimaliza zote kwa dakika tisa au chini ya hapo. Ongeza zile zinazoanza na 01, na muda haufiki nusu saa. Lakini nywila yenye urefu wa alama kumi na mbili, mchanganyiko wa herufi ndogo na tarakimu zilizochaguliwa ovyo, ingechukua kadi hiyohiyo zaidi ya miaka 700,000. Nywila nzuri haivunjwi, hata na mwenyewe aliyeisahau. Ndiyo maana njia zote za kweli hupitia vifaa.

WPS nayo ina upande mbaya. Mwishoni mwa mwaka 2011, Stefan Viehböck alionyesha kwamba PIN ya tarakimu nane, ambayo ni njia nyingine ya WPS mbali na kitufe, hukaguliwa kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Badala ya majaribio milioni kumi, yanatosha 11,000: elfu kumi kwa nusu ya kwanza na elfu moja kwa ya pili. Kitufe kinakusaidia ukiwa ndani ya nyumba. PIN inamsaidia aliye nje. Zima PIN hiyo kwenye ukurasa wa ruta.

Na yote haya ni kwa mtandao wako. Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inahesabu kuvunja ulinzi wa mfumo bila idhini kuwa kosa, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni tano, kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Wi-Fi ya jirani haigeuki yako kwa sababu mawimbi yake yanafika sebuleni kwako.

Ukishaipata

Uamuzi wangu ni huu: simu iliyounganishwa, kisha kompyuta, kisha ukurasa wa ruta, na kitufe cha kufuta mwishoni kabisa. Kwa mpangilio huo nyumba nyingi hazitafika hatua ya tatu.

Kumbuka pia upande wa pili wa urahisi huu. Mtu anayejua PIN ya simu yako ana nywila ya nyumba nzima. Simu ikiibwa, badilisha nywila ya Wi-Fi siku hiyohiyo. Wageni wape mtandao wa wageni, kama ruta yako inao.

Na wewe uliyemfungia mama mtambo kisha ukarudi mjini, maliza kazi. Andika nywila kwa kalamu kwenye karatasi, herufi kubwa na ndogo zikionekana wazi, uihifadhi pamoja na hati za nyumba, si ukutani. Badilisha pia nywila ya msimamizi na kuiandika papo hapo. Fanya hivyo simu zikiwa bado zinaunganishwa, kwa sababu simu ikipotea au ikiharibika, nakala yake ya nywila huenda nayo.